Bwana wa "Uliketi Nami"

Mara ya kwanza kusikia sauti ya mke wangu mahali ambapo hakuna aliyemjua, nilikuwa Kulamawe, dukani, nimeshika pakiti ya sukari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwenye duka, mzee wa Kiborana niliyekuwa nikinunua kwake tangu nipelekwe kufundisha huko, alikuwa ameegemeza simu yake kwenye mkebe wa majani chai, na wimbo ulikuwa ukitoka humo. Niliutambua kabla hata sauti haijaanza, kwa sababu unaanza na makofi tu, na makofi yale nilikuwa nimeyasikia jikoni kwetu mara nyingi.

"Habari, mwalimu," mzee alisema. Sisi Wakristo alitusalimia hivyo, salaam aleikum aliwawekea watu wake. "Umesikia huyu mama? Anaimba. Hata sisi tunasikiza. Hakuna mahali ametaja dini. Anapenda bwana yake, basi."

"Ni bibi yangu," nilisema.

Alicheka, halafu akanitazama vizuri. "Walahi?"

"Ni yeye."

Akatoka nyuma ya kaunta, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akawaita wanaume waliokuwa wameketi nje kwenye benchi na miraa yao. "Kujeni muone. Huyu ndiye bwana ya ule wimbo. Huyu ndiye alivuka laga usiku kwenda kwa bibi yake."

Walisimama, wakanisalimia mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema wanaume wa siku hizi hawawezi jambo kama hilo. Nikasema asante. Nimefikiria sana juu ya siku hiyo, na kinachonirudia zaidi ni kwamba nilisema asante.

Si mimi niliyeketi na mke wangu, wala sikuvuka laga yoyote, yaani ile mito ya mchanga inayojaa mvua ikinyesha tu. Afadhali niseme hivyo mapema.

Mimi nimetoka upande wa Meru, juu kwenye baridi, na ni mwalimu wa Kiswahili. Mke wangu ni Mturkana wa Ngaremara. Kaunti zilipoanza, yeye alipata kazi katika ofisi moja ya kaunti mjini Isiolo, ya kupokea barua na kuziandika kitabuni. Mimi nikapangiwa shule ya upili ya Kulamawe. Tulikodisha nyumba ya vyumba viwili mjini humo, mtaa wa Kiwanjani. Siku za shule nililala Kulamawe katika nyumba ya walimu, na kila wiki ya pili, gari likipatikana, nilirudi nyumbani Ijumaa. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoishi na hatukuona ni jambo la ajabu. Yeye aliimba kanisani. Aliimba pia akipika, na akifua, na akingoja maji yajae kwenye mtungi. Nilikuwa nimemzoea kiasi kwamba sikumsikia tena.

Alipobeba mimba ya kwanza tulikuwa tumekaa miaka mitano bila mtoto. Mamake alikuja kutoka Ngaremara mara kwa mara kumwangalia. Mimi nilinunua kitanda kidogo cha mbao kwa fundi wa mjini na kukibeba kwa mkokoteni hadi nyumbani, na watu wa Kiwanjani walinicheka kwa sababu mimba ilikuwa bado haijaonekana vizuri.

Katika mwezi wa nane wa mimba alinipigia simu akiwa hospitalini. Ilikuwa Jumanne, wakati wa mtihani wa kufunga muhula. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa, mahali ambapo mtandao ulishika.

"Mtoto amekufa," alisema. Hakuwa akilia. "Amekufa ndani. Wanasema nitamzaa tu hivyo hivyo. Kuja."

"Nakuja," nilisema.

Nikaenda chumbani, nikaweka shati na mswaki kwenye mfuko, nikatoka hadi barabarani. Lori la mbuzi lilikuwa pale, linaelekea Isiolo, na mbele kwa dereva kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Dereva aliniuliza kama naenda. Nikamwambia nitangoja lingine. Lori likaondoka. Nilisimama pale kidogo, kisha nikarudi chumbani, nikaketi mezani, nikaanza kusahihisha insha za kidato cha pili. Nilisahihisha zote. Zilikuwa juu ya faida za misitu.

Jioni ile nilimpigia. "Mvua imenyesha huko juu," nilisema. "Laga imejaa. Magari yamekwama ng'ambo zote mbili."

"Sawa," alisema.

Laga ilikuwa kavu. Nilifika nyumbani Jumamosi. Yeye alikuwa ameshatolewa hospitali, ameketi mlangoni na mamake. Mtoto alikuwa ameshazikwa kwao Ngaremara. Mamake na kaka zake walimbeba. Alikuwa msichana. Mamake aliniambia hivyo akiwa ananipa chai, kama mtu anayesoma jina la kituo.

Watu wataniuliza kwa nini, na mimi pia nimejiuliza. Sikuwa na mwanamke mwingine. Sinywi pombe. Niliogopa kumtazama usoni, hilo naweza kulisema, lakini hata hofu yenyewe sikuisikia sawasawa. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, unauona pale, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Nilidhani ganzi hiyo ingeisha wiki hiyo au inayofuata. Haikuisha.

Hatukuzungumza juu yake. Alirudi kazini. Mimi nilirudi Kulamawe. Kitanda kile kidogo tuliweka nguo juu yake.

Mwaka mmoja hivi baadaye alianza kurekodi. Kulikuwa na mtu mmoja mjini aliyekuwa na studio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isivuje. Prodyuza huyo alikuwa amemsikia kwenye mazishi fulani akaomba ajaribu. Alikuwa akienda baada ya kazi, jioni mbili kwa wiki, kwa miezi mingi. Niliporudi nyumbani alinieleza mambo ya studio jinsi mtu anavyoeleza habari za ofisi: gitaa lilikuwa na kelele, stima ilipotea, walirudia. Sikuuliza anaimba nini. Nilidhani ni nyimbo za kanisa, na kwa kweli zilikuwa hizo, saba kati ya nane. Ndani yake Yesu ametajwa kwa jina, msalaba umetajwa, damu imetajwa.

Wa nane ndio "Uliketi Nami".

Niliusikia siku ya kuzindua albamu, kanisani kwetu. Nilikuwa mstari wa mbele nimevaa tai. Aliimba bila muziki mwanzoni, akipiga makofi tu. Maneno yake ni mepesi. Anasema walikuja wengi wakasema pole wakaenda, wewe uliketi nami. Anasema hukuniambia nyamaza. Ubeti wa pili unasema mito ilijaa, barabara ikakatika, wewe ukavuka. Na mwisho anarudia hilo la kuketi, mpaka kukakucha, mpaka kukakucha.

Kanisa lilisimama. Akina mama walilia waziwazi. Mimi nilisimama pamoja nao nikapiga makofi. Nilijua mara moja ni siku zipi anazoziimba, na nilijua "wewe" ni nani. Ni Mungu. Hakukuwa na mtu mwingine pale kitandani. Nilijua pia kwamba laga niliyoijaza kwa mdomo wangu imeingia kwenye wimbo, imekuwa mito. Nilingoja nisikie kitu. Aibu, labda. Nikaona tu kwamba kipaza sauti kimefungwa kwa utepe mweusi shingoni na kwamba utepe umeanza kufunguka.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wimbo ule haukuwa na jina la Yesu ndani yake, basi ukaweza kwenda mahali ambapo zile saba hazingeweza. Mtu aliupiga kwenye harusi mjini, na baada ya hapo ikawa hakuna harusi bila huo wimbo, za Wakristo na hata baadhi za Waislamu. Bodaboda waliuweka. Stesheni moja ya Nairobi, ya nyimbo za mapenzi na za kucheza, ikaanza kuupiga asubuhi na jioni. Prodyuza alinipigia simu Kulamawe, sauti imepanda, akaniambia kwamba kwenye orodha ya wiki ya nyimbo zote nchini, si za dini peke yake, wimbo uko juu, na watu wakiufuata wanaikuta albamu nzima na kuisikiza yote. "Watu wanasikiza habari ya msalaba kwa klabu, mwalimu!" alisema. "Kwa klabu!"

"Ni vizuri," nilisema.

Yeye mwenyewe, mke wangu, alipokea yote kwa utulivu uleule. Alianza kuomba ruhusa ofisini kwenda Nairobi, Eldoret, Mombasa. Alishonewa nguo mpya, akanunua viatu vya jukwaani, akavivaa nyumbani kwa siku mbili ili avizoee, akitembea navyo kwenye sakafu ya saruji kutoka jikoni hadi kitandani. Siku moja nilimuuliza kama anafurahi.

"Nachoka," alisema. "Lakini nikiwa naimba huwa niko sawa."

Na mimi nikawa mtu mwingine mjini. Niliitwa bwana wa "Uliketi Nami". Wanawake waliokuwa wakiuza maziwa ya ngamia karibu na soko walinionyesha kwa mabinti zao. Shuleni, siku moja tukisoma ushairi, niliuliza darasa maana ya nafsinenewa, yaani yule anayesemeshwa na nafsineni, msemaji wa shairi. Msichana mmoja alisimama, akasema ni kama katika wimbo wa "Uliketi Nami", nafsineni ni bibi ya mwalimu na nafsinenewa ni mwalimu. Darasa zima lilipiga meza kwa furaha. Nikamwambia mfano ni mzuri, aketi.

Kisha ikaja ile siku ya redio. Alihojiwa Nairobi, na walimu wenzangu wakakusanyika ofisini kumsikiza. Mtangazaji alikuwa mcheshi, anacheka kila baada ya neno. Akamuuliza, "Sasa dada, Kenya nzima inataka kujua. Huyo aliyeketi na wewe ni nani? Ni mzee wa nyumba?"

Nilisikia karatasi ikisogezwa.

"Ni yule aliyekuwepo," alisema.

Mtangazaji akapiga kelele ya furaha. Ofisini walinipiga mgongoni. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye hatukuwa tunaelewana sana, alinishika bega akasema, "Mwalimu, umetuzidi sote. Mimi bibi yangu akiimba juu yangu, itakuwa ya kunishtaki."

Wote walicheka. Nilicheka pia. Kengele ililia nikaenda darasani.

Shida ilitoka kanisani. Baadhi ya waumini walikuwa wameenda kwa mchungaji. Walisema wimbo unachezwa baa, watu wanakumbatiana ukipigwa, na kwamba dada ametumia madhabahu ya Mungu kumwimbia mume. Wengine walisema mahojiano yale ya redio yamethibitisha. Walitaka asisimame tena mbele na kwaya mpaka aeleze. Mchungaji wetu ni mtu wa amani, ametoka Nyeri miaka mingi iliyopita, na hapendi maneno kurefuka. Alituita sisi wawili, Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha nyuma kinachowekwa viti.

Walikuwa wanne: mchungaji, wazee wawili wa kanisa, na mama mmoja kiongozi wa akina mama, mwenye duka la nafaka, ambaye ndiye aliyesimamia harusi yetu. Mke wangu aliketi karibu na dirisha. Alikuwa amefika kutoka Nakuru asubuhi hiyo na bado macho yake yalikuwa na usingizi.

Mzee mmoja ndiye aliyeanza. "Dada, hatuna ubaya na wewe. Tunauliza tu. Huyo wewe katika wimbo ni Bwana Yesu ama ni huyu bwana yako?"

"Ni Mungu," alisema.

"Mbona hukumtaja?"

"Siku hiyo sikuwa na jina lake kwa mdomo. Nilijua tu kuna mtu ameketi hapo. Nikaandika vile nilijua."

Mzee alikuna kidevu. Mama wa nafaka alisema polepole, "Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini kila mtu huko nje anaona mwalimu akivuka maji. Mito ilijaa, ukavuka. Mungu havuki mto. Ni mtu huvuka."

Mke wangu alitazama mikono yake. Nikaona kwamba anaweza kujibu, na kwamba hatajibu. Alikuwa na neno moja ambalo lingemaliza kesi, na alikuwa akilizuia kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo miaka miwili na nusu na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba yeye pia alikuwa akilibeba.

"Si mimi," nilisema.

Walinigeukia.

"Mimi sikuvuka. Mtoto wetu alipokufa nilikuwa Kulamawe, na nilikaa huko mpaka Jumamosi. Alinipigia Jumanne nikasema laga imejaa." Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama ninasoma imla darasani. "Laga haikuwa imejaa. Lori lilikuwa linakuja mjini na lilikuwa na nafasi. Sikupanda. Kwa hivyo huyo aliyeketi naye hawezi kuwa mimi. Ameimba ukweli."

Nje watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakigawiwa biskuti na nilisikia mwalimu wao akiwaambia wapange mstari. Mzee aliyeanza kuuliza alikuwa ameinamisha kichwa. Mama wa nafaka alinitazama kwa muda, na katika uso wake niliona kile nilichokuwa nimeogopa kukiona kwa mke wangu nikiwa barabarani pale Kulamawe. Sasa nilikiona, na hakikunifanya kitu.

Mchungaji alisema, "Tuombe." Akaomba kwa kifupi. Alipomaliza alimwambia mke wangu kwamba kanisa halina swali lingine, na Jumapili inayofuata aongoze kwaya. Mimi hakuniambia kitu. Alinishika mkono mlangoni, akaushikilia zaidi ya kawaida, akaniachilia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa kali na upepo wa Isiolo ulikuwa unasukuma vumbi barabara nzima, tukatembea tumefunika midomo. Tulipofika aliweka maji ya chai. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Nilijua," alisema, akiwa amenipa mgongo.

"Ulijua nini?"

"Kwamba laga haikuwa na maji. Kitanda cha pili pale wodini kulikuwa na mama ametoka Kulamawe. Aliletwa siku hiyohiyo, mchana. Viatu vyake viliwekwa chini ya kitanda vikanitazama. Vilikuwa na vumbi. Hakuna tone la matope. Wewe ukanipigia jioni ukaniambia mafuriko."

Niliitazama sakafu ya saruji.

"Nilisema sawa," alisema. "Sikuwa na nguvu ya kusema kitu kingine."

"Basi kwa nini uliandika mito imejaa?"

Alimimina majani kwenye sufuria. "Kwa sababu ulisema mito. Nilikuwa nataka kuwe na mito. Ingekuwa afadhali, ungekuwa umezuiwa na kitu." Akakoroga. "Halafu nikaona kwamba hata kama ingekuwako, Mungu alikuwa amevuka. Ikakaa vizuri kwa wimbo."

"Mbona hukuniuliza miaka hii yote?"

"Wewe ungejibu nini?"

Nilifikiria. "Sijui."

"Ndiyo hiyo," alisema.

Nilitaka akasirike. Nilingoja arushe kikombe, aniite majina, aende kwa mamake. Alinipa chai. Tulikunywa. Kisha akasema amechoka na safari, akaenda kulala, na mimi nikaosha vikombe.

Habari ilitoka katika chumba kile, sijui kwa mdomo wa nani, na haikuchukua wiki mbili kufika kila mahali. Hakuna aliyenitukana. Walinyamaza tu. Wanawake wa maziwa waliacha kunionyesha. Naibu wa mwalimu mkuu aliacha utani wake. Yule mzee wa duka Kulamawe, siku nilipoenda kununua sabuni, alinisalimia kama kawaida, akanipa sabuni, akazima simu iliyokuwa ikiimba. Alifanya hivyo kwa heshima. Nilimwambia asiizime. Akasema, "Hapana, mwalimu, betri inaisha." Nilimshukuru kwa uongo huo.

Wimbo wenyewe haukuumia. Kama kuna kitu, ulizidi kusikika. Nadhani watu waliojua waliusikiza kwa njia nyingine, na wasiojua, ambao ndio wengi, waliendelea kuupiga harusini mwao.

Likizo ilipofika nilimwomba twende Ngaremara. Hakuniuliza ni kwa nini. Tulishuka barabarani tukatembea hadi kwa mamake. Mama mkwe alinitolea kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za wazazi wangu. Baadaye, bila kusemeshwa, alisimama, akatutangulia kupita boma la mbuzi mpaka kwenye mawe machache yaliyopangwa duara chini ya mgunga.

"Ni hapa," alisema. "Tulimlaza anaangalia huko, upande wa jua likitoka."

Nilikaa chini. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Mke wangu aliketi upande wa pili wa mawe, mamake akarudi kwa kazi zake. Tulikaa mpaka kivuli cha mti kikahama kutoka juu yetu. Nilikuwa nimefikiri kwamba nikifika pale nitalia, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, hata nilikuwa nimeweka leso mfukoni. Sikulia. Nilihesabu mawe, yalikuwa kumi na moja, moja limehama kidogo. Nikalirudisha mahali pake. Lilikuwa na joto la jua. Mke wangu alinitazama nikifanya hivyo.

Tangu siku hiyo naenda kila likizo, wakati mwingine naye, wakati mwingine peke yangu akiwa safarini. Mama mkwe amezoea. Siku hizi huniambia nimsaidie na boma nikimaliza.

Niliomba uhamisho, nikapata shule ya mjini. Sasa nalala Kiwanjani kila siku, na yeye ndiye anayekuja na kuondoka. Aliacha kazi ya kaunti. Watu wa Nairobi walimtaka ahamie huko, akakataa, akasema atakuwa anaenda na kurudi. Sijui kama alikataa kwa sababu yangu. Sijamuuliza, na mara hii si kwa kuogopa. Naona tu kwamba si lazima kila kitu kiwe kwa sababu yangu.

Tunaishi vizuri. Nasema vizuri na ninamaanisha hivyo. Tunagawana kazi za nyumba, tunaongea habari za bei ya unga na za uchaguzi. Kuna siku ananigusa bega akipita jikoni. Hajaniambia amenisamehe na mimi sijamwomba, kwa sababu najua nikiomba atasema sawa, kwa sauti ileile, na sitaki kuisikia tena.

Anaandika albamu ya pili. Wiki iliyopita alikuja mezani nikiwa nasahihisha madaftari, akaketi mkabala nami na kipande cha karatasi. Hakuwa amewahi kunionyesha maneno ya wimbo kabla haujarekodiwa.

"Niangalilie Kiswahili," alisema.

Nilisoma. Ulikuwa wimbo wa sifa, jina la Mungu limejaa tele kila mstari, labda kwa sababu ya yale maneno ya wazee. Katika ubeti wa tatu kulikuwa na kosa.

"Hapa umesema 'mlango yangu'," nilisema. "Ni 'mlango wangu'."

Aliutazama mstari. Akauimba kwa sauti ya chini, kwanza jinsi nilivyosema, kisha jinsi alivyoandika.

"Watu husema yangu," alisema.

"Wanasema."

"Na ukiimba, yangu inafungua mdomo vizuri."

"Basi acha hivyo."

Aliichukua kalamu yangu nyekundu, akaweka alama ndogo kando ya mstari, sijui ya kukubali au ya kukumbuka, akaendelea kuimba kidogo kidogo huku akigonga meza kwa vidole. Nilirudi kwenye madaftari. Kulikuwa na ishirini yamebaki, na nilimsikia mpaka nikayamaliza.